Hati Kutoka Nzega

Ibra, 21 Januari 2024

Dada yangu Bimdogo,

Shikamoo. Nakuamkia nikiwa nimekaa uani na jua la asubuhi mgongoni, maana Ibra mwezi huu baridi inauma mpaka kwenye meno. Mke wangu Fakhriya anakusalimu sana. Binti yangu Ibtihal amejifungua salama, mtoto wa kike, wamemwita Mazoon. Mwanangu Wadhah bado yuko Sur kwenye kiwanda cha gesi. Binti yake Lujain ametimia miaka saba na Kiswahili anakikatakata: jana kaniambia, "Babu, kiatu yangu imepotea." Nikamwambia, siku ukifika Tabora na maneno hayo, bibi yako Bimdogo atakutia pilipili mdomoni.

Najua unasema moyoni, huyu si alisema atafika wiki ya kwanza ya Rajabu? Na maskini mwanao Zuleha kaja kunipokea uwanja wa ndege akarudi peke yake. Nisamehe, dada. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii, na jambo lenyewe si la kulipigia kelele mtaa mzima ukasikia.

Nilifika uwanja wa ndege wa Maskati na mizigo yangu, halwa yako na buni yako. Askari wa pasi akatazama kioo cha kompyuta yake, akanitazama mimi, akatazama tena. Akasema, "Ammi, tafadhali kaa pale." Adabu tupu. Nikakaa pale mpaka ndege ikaruka bila mimi, na halwa yako mapajani.

Kesho yake wakanileta polisi ya hapa Ibra. Mkubwa wao ni Nakibu Taimur, nakibu ni cheo kama kapteni, mjukuu wa jirani yetu wa zamani. Akanimiminia kahawa kwanza, halafu ndiyo akasoma. Kuna hati ya kukamatwa imetoka Tanzania, imesambazwa kwa polisi wa nchi nyingi. Yaarub bin Aws, kusababisha kifo kwa kuendesha gari kwa uzembe barabara ya Nzega mwaka juzi, kisha kukimbia dhamana. Kukimbia! Mimi!

Dada, wewe ulikuwepo. Ulipika wewe mwenyewe siku ile tulipokwenda kwao marehemu mzee Makungu, wanawe wakanishika mkono juu ya mkeka wakasema tumesamehe, ni amri ya Mungu. Huku kwetu watu wa marehemu wakishakaa wakasamehe, inaandikwa, na kilichobaki ni kidogo. Nikadhani khalas, yamekwisha. Nikapanda ndege siku yangu ilipofika. Sikujua kwamba kwenu kesi ni ya Jamhuri, si ya wafiwa, na mkeka hauifungi.

Nimekaa mahabusu siku tano. Hawakunigusa hata kidogo. Kumbe hati peke yake haitoshi. Lazima lije jalada zima, maelezo ya mashahidi, mchoro wa barabara, vyote vimetafsiriwa Kiarabu na kupigwa mihuri, vipite wizara ya nje ya kwenu na ya kwetu. Wadhah kanidhamini, nikatoka. Pasi yangu imebaki kwenye mtoto wa meza wa Nakibu. Kila Jumapili nakwenda kutia sahihi.

Usiogope. Oman haimtoi raia wake kwa nchi nyingine, sheria ndiyo hiyo. Nizwa niende, Sur niende, Adam niende nikanunue mbuzi. Mpaka tu nisiuvuke. Hata Dubai nikienda harusini watanikamata, na wao mimi si mtoto wao, watanikabidhi. Basi nimeachiwa nchi nzima isipokuwa njia ya kuja kwako.

Muzamil, yule mpeleka mizigo wetu, anasafiri Jumatano, barua hii nampa yeye. Usinisahau katika dua zako.

Mdogo wako,
Yaarub


Tabora, 25 Februari 2024

Mdogo wangu Yaarub,

Marahaba, tena marahaba kubwa. Mungu amkuze Mazoon. Huyo Lujain usimcheke, mcheke baba yake aliyeona haya kumfundisha. Mlete kwangu mwezi mmoja tu, atarudi anakusahihisha wewe.

Sisi wazima. Mvua imetupiga vizuri, nyuki wametoa asali nyingi, nimekuwekea madumu mawili. Zuleha alhamdulillahi ameajiriwa rasmi, anafundisha darasa la tatu hapo karibu, anarudi adhuhuri kunipikia. Wenzake wa rika lake wote wako Dar, yeye kabaki na mama yake kiziwi. Mimi mzima, isipokuwa miguu inavimba kidogo. Uzee huo, usiniulize.

Sasa nikuseme. Hivi wewe una akili? Polisi wamekupa dhamana, wamekuambia rudi baada ya wiki mbili, nawe unapanda ndege! Mkeka, mkeka! Mkeka ni wa watu, mahakama ni ya serikali. Ningekuwa najua ulikuwa na tarehe ya kuripoti ningekufungia chumbani. Hukuniambia. Na mwanangu naye hakuniambia. Nikimuuliza Zuleha habari ya siku ile anainuka kwenda kuosha vyombo, na vyombo visafi.

Nilikuwa nimekifagia chumba chako. Nilitandika shuka la maua, lile ulilolisifu. Siku tatu nimekaa kibarazani natazama njia, kila gari likipunguza mwendo nasema ndilo hili. Jirani akaniuliza, "Bi Bimdogo, unamngoja nani?" Nikaona haya kumjibu, mtu mzima wa miaka sabini na moja namlilia mdogo wangu mwenye mvi.

Shuka sijalitandua. Waambie hao polisi wenu kwamba kuna shuka linangoja.

Dada yako,
Bimdogo


Ibra, 19 Aprili 2024

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na Idi njema ingawa imepita. Tulichinja, tukafukia nyama shimoni siku mbili kama ilivyo ada, ikatoka laini mno. Nikala kidogo. Fakhriya akasema, "Huyu nyama haimwingii, kaenda Tabora kwa roho, mwili katuachia sisi." Mvua kubwa ilitupiga wiki iliyopita, bonde likajaa maji siku mbili hatukuvuka, lakini nyumba nzima na watu wazima.

Jalada bado. Kila Jumapili nakwenda, Nakibu Taimur ananimiminia kahawa, natia sahihi, ananiambia, "Ammi, hawajaleta." Nimeshazoeleka, mpaka mfagizi wa kituo ananiuliza habari za wajukuu. Kuna siku nilimuuliza Nakibu, je, wasipoleta? Akasema wasipoleta nitakuwa huru humu ndani, lakini jina langu litabaki kwenye vioo vya mipaka yote, maana aliyeliandika ndiye wa kulifuta. Nikamwambia, basi waambie walete. Akashangaa. Akasema hajapata kumwona mtuhumiwa anayelilia jalada lake.

Sasa nami nikuseme wewe. Muzamil amerudi, nimembana hapa sebuleni mpaka chai ikapoa. Anasema hutoki tena nje. Anasema Zuleha anakushika mkono kukupeleka msalani. Ndiyo "miguu inavimba kidogo" hiyo? Niambie kweli, dada. Unanificha kama mtoto.

Jana nilikumbuka siku baba aliponichukua kuja huku. Nina miaka kumi na miwili, wewe unabaki na mama yako. Ulinifunga vifungo vya shati ukakosea, kimoja kikabaki juu hakina tundu. Nimefika Maskati hivyo hivyo. Shangazi akataka kunifunga upya, nikampigia kelele asiniguse. Nilitaka kibaki ulivyokifunga wewe. Sijapata kukuambia.

Umesema unamuuliza Zuleha habari ya siku ile barabarani. Imeshapita, tuiache.

Mdogo wako,
Yaarub


Tabora, 30 Mei 2024

Yaarub,

Marahaba. Wote wazima na wewe mwongo.

Nianze na langu, usije ukasema nakuficha. Ni moyo. Daktari wa hospitali ya Kitete anasema umepanuka, hausukumi vizuri, ndiyo maji yanashuka miguuni. Nameza vidonge vitano kwa siku. Hakusema lini, nami sikumuuliza. Haya, nimekwisha kusema kweli yangu. Sasa lete yako.

Habari ya kifungo nimeisoma mara nne. Sikukosea, jinga wewe. Nilikuwa nalia, sioni tundu.

Nijibu hili. Tangu lini wewe ukaendesha gari Tabora? Kwenu usukani uko kushoto. Kila ukija hapa unafungua mlango wa kulia ukidhani ni wa abiria, unajikuta mbele ya usukani, unashuka unajicheka. Miaka yote. Hata sokoni hujapata kuendesha, unasema barabara zetu ziko kinyume zinakutia kizunguzungu. Na siku ile ndiyo ukaendesha pikapu ya gia kutoka Nzega, kilomita mia na zaidi, na Zuleha kakaa pembeni anakutazama?

Na Zuleha hajagusa ufunguo wa lile gari toka siku ile. Alikuwa anajifunza, akisubiri leseni, hakuna aliyeweza kumtoa kwenye usukani. Siku hizi akisikia honi anashtuka.

Mimi kiziwi, Yaarub. Macho ninayo.

Bimdogo


Ibra, 7 Julai 2024

Dada yangu,

Shikamoo. Joto limefika digrii arubaini na saba, hata paka hawavuki njia. Tende zimeanza kuiva, Fakhriya amekutengea za khalasi. Barua yako ilichelewa, Muzamil alipitia Mombasa. Habari ya moyo wako nimeisoma nimesimama, nikakaa chini.

Nakujibu. Mimi ndiye niliyeendesha. Nimeandika hivyo polisi ya Nzega, nimetia sahihi, na sahihi ni yangu. Tusirudie tena.

Jalada limefika, dada. Kurasa sitini na mbili, mihuri mpaka kwenye mgongo wa karatasi. Nakibu kanionyesha maelezo yangu, Kiswahili upande huu, Kiarabu upande huu. Kisha tukaenda kwa mwendesha mashtaka, na Wadhah kaniwekea wakili, mwanamke hodari, Arwa jina lake. Nisikilize vizuri sasa, maana hapa ndipo penye jambo.

Oman hainitoi. Lakini haiachi pia jambo likaning'inia. Mtu wao akifanya kosa nje, wanaweza kumhukumu wao wenyewe, hapa hapa, kwa jalada lililoletwa. Arwa anasema nikikana, kesi itaanguka, kwa kuwa mashahidi walioona gari hawakumwona aliyekuwa kwenye usukani, na yote yamesimama juu ya maneno yangu. Nitarudi nyumbani siku hiyo hiyo. Ila Tanzania hawatalazimika kuifuta hati. Nikikiri nitafungwa, labda miezi sita, labda mwaka. Nikimaliza, hukumu inatafsiriwa na kupelekwa kwenu, iombwe hati ifutwe, kwa kuwa mtu haadhibiwi mara mbili kwa jambo moja. Anasema inachukua muda lakini hukubaliwa.

Umeona? Nikikana, niko huru na sikuoni tena. Nikikiri, nafungwa, halafu nakuja.

Arwa ananiambia fikiri, Ammi, una miaka sitini na mbili. Fakhriya hajasema nami siku mbili. Mimi nimeshafikiri. Tarehe ya mahakama ni 16 Septemba. Meza vidonge vyako.

Yaarub


Tabora, 18 Agosti 2024

Ndugu yangu, mtoto wa baba yangu,

Marahaba. Salamu za nyumbani leo zote nimeziruka, utanisamehe. Nyumbani hapakaliki.

Barua yako ilipofika nilimwita Zuleha, nikampa asome. Akasoma mpaka pale unaposema, "Mimi ndiye niliyeendesha," akapiga magoti. Kasema yote. Mzee Makungu alitokea na baiskeli, jua liko machoni mwa Zuleha, hakumwona. Aliposhuka wewe ukamwambia, "Zunguka, kaa kwangu." Ukapita ukakaa kwenye usukani kabla watu hawajafika. Ukamwambia, "Mimi nitaondoka, wewe mama yako atabaki na nani?" Ukamwapisha asiniambie. Miaka miwili mtoto anaamka na jambo hilo, anakwenda kufundisha, anarudi kunipikia, na mimi namgombeza kwa chumvi.

Alivaa buibui wakati ule ule. Anakwenda Nzega kusema kweli. Yaarub, nilijiburura kwa makalio mpaka mlangoni nikakaa, nikaegemeza mgongo. Nikamwambia, utapita juu yangu. Akalia, nikalia, mwisho akavua buibui. Amekasirika na mimi mpaka leo, ananipa dawa hanitazami.

Basi nimekaa na ninyi wawili kifuani wiki nzima. Akisema kweli, wewe jina lako linatoka, unapanda ndege, unalala kwenye shuka lako. Nakuona. Wallahi sina kingine ninachokitaka duniani. Lakini yeye atapoteza kazi, atafungwa, ana miaka ishirini na sita, hajaolewa. Na mimi kunigeuza kitandani ni yeye.

Nimemchagua mtoto. Naliandika hili kwa mkono wangu ili usije ukaambiwa na mtu mwingine. Usikane. Nakuomba ufungwe, Yaarub. Mimi dada yako niliyekubeba mgongoni nakuomba ufungwe kwa kosa si lako. Sijui kama kuna dada aliyepata kuomba jambo kama hili. Kujitazama sijitazami.

Ukitoka, njoo unipige kofi, kisha ukae.

Mkono unauma, kurasa tatu si mchezo kwa mgonjwa. Asali yako ipo.

Bimdogo


Samail, 6 Oktoba 2024

Dada yangu Bimdogo,

Shikamoo. Niko jela ya hapa Samail. Barua zetu zinasomwa kabla hazijatoka, ni haki yao, kwa hiyo namsalimu pia askari atakayeisoma hii, na yule atakayemtafsiria. Chakula kizuri, samaki mara mbili kwa wiki. Nalala chumba kimoja na mzee wa Fanja, kutwa ananieleza habari za mitende yake, na mtu wa Pemba anayekoroma. Tunazungumza Kiswahili mpaka tunasahau tuko wapi. Fakhriya na Wadhah wanakuja kila ruhusa inapotoka. Fakhriya sasa anasema nami, tena sana.

Mahakamani haikuchukua hata saa nzima. Hakimu aliuliza kama maelezo ni yangu. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nilikuwa mimi kwenye usukani. Nikasema ndiyo. Miezi minane. Nakibu Taimur mwenyewe ndiye aliyenileta, hakunitia pingu, na njiani akasimamisha gari tukasali. Akaniambia pasi anaitunza mwenyewe, na karatasi za kwenda Tanzania zimeshaanza kuandikwa, zisingoje mpaka nitoke.

Barua yako ya Agosti ilinifikia siku moja kabla ya hukumu. Umesema ni kurasa tatu. Mimi nimepata ya kwanza nusu, imelowa, na ya mwisho yenye asali. Ya katikati haikufika. Nadhani Muzamil kaifungia karanga. Kwa hiyo yaliyokuwamo siyajui, dada, na usiniandikie tena, ukaumiza mkono bure. Kama ulinigombeza, nastahili. Kama uliniomba radhi ya jambo lolote, sina habari nalo, na hata ningekuwa nayo nisingekuwa na cha kusamehe. Mimi ndiye niliyeendesha.

Zuleha mwambie mjomba wake anamwamuru, na hajapata kumwamuru kitu. Afundishe watoto wake wa darasa la tatu. Akupe dawa huku anakutazama. Na aombe leseni, aendeshe tena, maana siku nikija sina mwingine wa kunipokea.

Nimetaka kuja kwako toka nina miaka kumi na miwili. Nimekuja mara nyingi na kila mara nimeondoka, nina tiketi ya kurudi mfukoni toka siku ya kwanza. Safari hii sitakata ya kurudi. Fakhriya nimeshamwambia, akasema basi atakuja na yeye aone hiyo Tabora iliyomnyang'anya mume.

Miezi minane. Mimi kazi yangu humu ni kula, kusali na kungoja, mtu yeyote anaiweza. Iliyo ngumu ni yako. Meza vidonge vyote vitano, usivifiche chini ya mto, nakujua. Tembea mpaka mlangoni urudi. Usikasirike. Na usife, dada. Nakupigia magoti huku nilipo, usife.

Mdogo wako,
Yaarub